Fahamu: Kwa nini antibiotiki kali si lazima iwe bora

Mwaka 2024, katika Umoja wa Mataifa, nchi zilikubaliana kwamba angalau asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumiwa na binadamu duniani zitoke kundi la dawa za kawaida, kama amoksilini. Wapo watakaouliza: ikiwa sipro (siprofloksasini), antibiotiki kali, inamaliza UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), ya nini kuhangaika na nyingine? Swali ni la haki. Lakini tangu 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani inashauri sipro isiandikwe kwa UTI nyepesi kama ipo dawa mbadala, kwani inaweza kuumiza neva na kano, hasa ya kisigino. Kwa maambukizi ya kibofu yasiyofika kwenye figo, nitrofurantoini mara nyingi hutosha. Mkojo ukigeuka kahawia unapotumia dawa hii, usitishike. Uso ukivimba au pumzi zikibana baada ya dawa yoyote, nenda hospitali papo hapo.