MAZUNGUMZO BAADA YA HABARI: SAA ZA DEREVA WA LORI NA CHOMBO KINACHODANGANYWA

Kuanzia tarehe 13 hadi 15 Mei mwaka 2025, wakaguzi wa magari ya biashara katika Marekani, Kanada na Meksiko walisimamisha malori barabarani kwa muda wa saa 72. Msako wa namna hiyo hufanyika kila mwaka chini ya muungano wa wakaguzi ujulikanao kwa herufi CVSA, na kila mwaka huchaguliwa jambo moja la kutazamwa zaidi kwa upande wa dereva. Safari hiyo jambo lililochaguliwa halikuwa ulevi wala mikanda ya usalama. Lilikuwa daftari la saa za kazi: wakaguzi walitakiwa kuhakikisha kwamba saa zilizoandikwa ndizo saa zilizoendeshwa.

Habari hiyo ingemshangaza mtu aliyeambiwa mwaka 2017 kwamba Marekani imelimaliza tatizo hilo kwa kutia chombo cha elektroniki ndani ya malori yake. Chombo kimewekwa, na uongo umebaki. Kwa nini umebaki, na unakamatwa vipi, ni maswali yanayomhusu kila askari ambaye amepata kusimama kizuizini usiku akamulika tochi katika macho mekundu ya dereva wa trela.

Yafaa kwanza kutenganisha maneno. Katika Uganda na Kenya mtu akitaja logibuku, wasikilizaji wengi hufikiria hati ya kumiliki gari. Daftari linalozungumzwa hapa ni jingine kabisa. Ni kumbukumbu ya dereva mwenyewe: saa ngapi ameendesha, saa ngapi amefanya kazi nyingine kama kupakia mizigo, na saa ngapi amepumzika.

Marekani iliweka kanuni za kwanza za saa hizo katika miaka ya 1930. Kwa kanuni za sasa, dereva wa lori la mizigo haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 11, na saa hizo lazima ziishe ndani ya saa 14 tangu alipoanza kazi, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Akiwa ameendesha saa 8 sharti akatize kwa nusu saa. Ulaya hesabu ni nyingine: saa 9 kwa siku, ambazo zaweza kufika 10 mara mbili tu kwa juma, na mapumziko ya dakika 45 baada ya kila saa 4 na nusu za kuendesha. Namba zinatofautiana, lakini sababu ni moja. Mtu aliyenyimwa usingizi husinzia bila kujijua, na tani 36 zinazokwenda mwendo wa kilomita 100 kwa saa hazimsubiri azinduke.

Kwa miongo mingi madereva wa Marekani waliandika saa zao kwa kalamu juu ya karatasi. Wenyewe waliliita daftari hilo kitabu cha katuni, na jina hilo linatosha kueleza heshima liliyokuwa nayo. Dereva mmoja aliweza kuwa na madaftari mawili au matatu, moja la kumwonyesha askari wa jimbo hili, jingine la kumwonyesha askari wa jimbo la mbele. Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria mwaka 2012 kuagiza chombo cha elektroniki; kanuni zilitolewa Desemba 2015, na utekelezaji ulianza Desemba 2017.

Chombo hicho huunganishwa na kompyuta ya injini. Injini inapowashwa chombo kinajua, na gari likipita mwendo wa kilomita 8 kwa saa kinaandika chenyewe kwamba dereva anaendesha. Hupokea mahali gari lilipo kutoka kwenye setilaiti na kupaandika walau mara moja kila saa gari liwapo safarini, pamoja na hesabu ya umbali na saa za injini. Muda wa kuendesha ulioandikwa na chombo chenyewe hauruhusiwi kupunguzwa na mtu yeyote. Mambo mengine yaweza kusahihishwa, lakini kwa utaratibu ambao askari yeyote wa zamu anaufahamu kutokana na kitabu cha matukio cha kituo. Maandishi ya kwanza hayafutwi. Sahihisho huandikwa pembeni, likiwa na sababu na jina la aliyelifanya, na mwenye kampuni akipendekeza badiliko, dereva ndiye anayelikubali au kulikataa.

Kwa maandishi, basi, mlango umefungwa. Katika utendaji umeachwa wazi mahali pengi.

Njia ya kwanza ni ile ambayo wanajeshi wataitambua mara moja, kwa sababu ni ndugu wa askari hewa katika orodha ya mishahara. Ni dereva hewa. Lori moja linaruhusiwa kuwa na madereva wawili wanaopokezana, mmoja akiendesha na mwingine akilala kitandani nyuma ya kiti. Kampuni husajili jina la mtu wa pili ambaye hayumo garini, au ambaye hayupo duniani. Dereva wa kweli akimaliza saa zake 11 hujitoa kwenye chombo, akaingia tena kwa jina la yule wa pili, na safari ikaendelea. Chombo hakina macho. Kimeandika kwa uaminifu kwamba gari lilikwenda. Kilichodanganywa ni jina la aliyeshika usukani.

Njia ya pili ni kutumia vibaya ruhusa halali. Kanuni zinamruhusu dereva aliye mapumzikoni kutumia lori kwa shughuli zake binafsi, kama kwenda kula, na muda huo hauhesabiwi kuwa kazi. Kwa kulinda siri ya mtu, chombo huandika mahali alipo bila usahihi mkubwa, ndani ya eneo la kilomita 16 hivi. Wapo wanaobonyeza kitufe hicho saa zao zinapokwisha, wakasafirisha mzigo wa tajiri kwa mamia ya kilomita chini ya jina la kwenda kula.

Njia ya tatu ndiyo mbaya kupita zote, kwa kuwa haifanywi na dereva. Baadhi ya wauzaji wa vyombo hivyo wameweka mlango wa nyuma katika programu zao, hata mtu aliyeketi ofisini, maelfu ya kilomita kutoka barabarani, akapata kusogeza saa za kuendesha na kufuta alama ya kwamba zimesogezwa. Chanzo chake kilikuwa katika mfumo wenyewe. Kanuni ya mwaka 2015 ilimwachia mtengenezaji ajithibitishie mwenyewe kwamba chombo chake kimetimiza masharti, kisha akaingizwa katika orodha ya serikali. Kanada ilitazama kosa hilo la jirani yake na haikulirudia. Kanuni zake, zilizoanza Juni 2021, zinadai kila chombo kipimwe na shirika lingine lililoidhinishwa. Marekani kwa upande wake imekuwa ikifuta vyombo vibovu orodhani kimoja baada ya kingine, na wenye malori hupewa kwa kawaida siku 60 wavibadilishe.

Ulaya ina historia ndefu zaidi ya jambo hili. Nchi za Jumuiya ya Ulaya ziliagiza chombo kiitwacho takografu tangu mwaka 1970, siku hizo kikichora mstari juu ya kisahani cha karatasi. Madereva wa Uingereza walikiita jasusi ndani ya gari, na serikali yao ilivutana na wenzake hata Mahakama ya Ulaya ikatoa hukumu dhidi yake mwaka 1979. Takografu ya kompyuta, yenye kadi ya kila dereva, ilikuja mwaka 2006. Wadanganyifu hawakuhitaji elimu ya kompyuta kuishinda. Walichukua sumaku yenye nguvu wakaibandika kwenye sanduku la gia, mahali palipo na kipimo cha mwendo, na chombo kikaamini kwamba gari limesimama hali linakimbia. Wengine walichomeka kadi ya mwenzao.

Jibu la Ulaya lilikuwa kutokiamini kipimo kimoja. Takografu za siku hizi hulinganisha mwendo unaotoka kwenye gia na mwendo unaopatikana kwa njia nyingine, na zinapohitilafiana huandika kosa. Zile zilizofungwa katika malori mapya tangu mwaka 2019 hupokea pia mahali gari lilipo kutoka kwenye setilaiti, na askari aliye kando ya barabara aweza kusoma dalili za udanganyifu kwa chombo chake wakati lori linapita, kabla hajaamua kama atalisimamisha. Zilizotoka tangu Agosti 2023 zinaandika zenyewe kila zinapovuka mpaka wa nchi.

Hata hivyo, silaha kubwa ya mkaguzi si chombo kipya. Ni hesabu ya kujumlisha na kutoa. Tuchukue mfano. Daftari linaonyesha kwamba lori liliegeshwa saa 3 usiku, hesabu ya umbali ikiwa kilomita 402,150, na kwamba liliondoka saa 1 asubuhi hesabu ikiwa 402,610. Dereva anaapa kwamba alilala saa 10 kamili. Nani basi aliyeziendesha zile kilomita 460? Hapo hapahitajiki fundi wa kompyuta, anahitajika askari anayesoma namba mbili zilizofuatana badala ya kutazama mstari wa kijani kwenye kioo. Mbinu hiyo ni ile ile kwa risiti ya mafuta, tikiti ya mizani, hati ya kupokelea mzigo na kumbukumbu za simu. Chombo kikisema gari lilikuwa limelala mjini fulani, na risiti ikasema lilijazwa mafuta mji mwingine saa ile ile, mmojawapo anasema uongo, na mwenye kituo cha mafuta hana sababu ya kudanganya. Kwa ajili hiyo kanuni za Marekani zinamlazimu mwenye malori kuzihifadhi hati za namna hiyo kwa miezi 6.

Dereva anayekutwa na daftari la uongo husimamishwa palepale, naye haendi tena mpaka apumzike saa 10. Lakini mara nyingi dereva ni mtu wa mwisho katika mnyororo. Wengi hulipwa kwa maili, si kwa saa. Akikalishwa saa 5 kwenye ghala akingoja kupakuliwa, saa zake 14 zinakwisha bila ya yeye kupata senti ya barabarani, na mzigo bado unadaiwa asubuhi. Marekani ilitambua jambo hilo, na tangu mwaka 2016 ni kosa kwa mwenye lori, wakala au mwenye mzigo kumshurutisha dereva avunje saa.

Mwenye malori anayetaka kweli kuzuia udanganyifu ana kazi ya kila siku, nayo ni ya kuchosha. Sharti asome taarifa za gari kutembea bila dereva aliyejiandikisha, aulize sababu ya kila sahihisho, na atazame ni nani anayetumia kitufe cha shughuli binafsi kila Ijumaa. Asiyefanya hayo hana chombo, ana pambo.

Juni 2019, huko Randolph katika jimbo la New Hampshire, lori dogo lililovuta trela liligongana na kundi la waendesha pikipiki, watu 7 wakafa. Wachunguzi wa ajali walisema chanzo kilikuwa dawa za kulevya mwilini mwa dereva. Yeye mwenyewe baadaye aliachiwa na baraza la mahakama. Lakini walipofungua vitabu vya kampuni walikuta mengine, na Februari 2021 mmoja wa wenye kampuni alishtakiwa katika mahakama ya shirikisho kwa njama ya kughushi madaftari ya saa. Madaftari hayo yalikuwepo kabla ya ajali. Yalisomwa baada ya maziko.

Ipo pia ajali inayopaswa kumkumbusha mkaguzi mipaka ya chombo chenyewe. Usiku wa tarehe 7 Juni 2014, katika barabara kuu ya New Jersey, lori liligonga gari lililombeba mchekeshaji Tracy Morgan. Mwenzake James McNair alikufa. Wachunguzi waligundua kwamba dereva alikuwa hajalala kwa zaidi ya saa 28. Kabla ya kuanza zamu alikuwa amesafiri usiku kucha kwa gari lake mwenyewe, kutoka nyumbani kwake Georgia hadi kituo cha kazi Delaware. Safari hiyo daftari haikuihesabu, kwa sababu haikuwa kazi.

Katika Afrika Mashariki, njia ya kutoka Mombasa kupitia Malaba hadi Kampala na Kigali inapitiwa na malori usiku na mchana. Huko chombo cha elektroniki kinachojulikana zaidi ni kufuli ya forodha, ambayo mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zimekuwa zikiifuatilia kwa pamoja tangu mwaka 2017 ili mzigo usishushwe njiani. Kufuli hiyo inalinda kodi. Inajua kontena liko wapi kila saa, na kama mlango wake umefunguliwa. Habari za mahali na saa ambazo mkaguzi wa Ulaya huzisoma kumjua dereva aliyekesha zimo pia ndani yake. Ila mtu aliyeketi mbele ya kontena hilo, na saa alizokaa macho, havimo katika mambo inayoulizwa.