Tundu Dogo katika Robota la Sileji

Katika Kaunti ya Lamu, ambako kaskazi hukausha nyasi kuanzia Desemba hadi Machi, mfugaji wa Hindi, Witu au Mpeketoni anayehifadhi majani mabichi ya msimu wa mvua hutegemea karatasi nyembamba ya plastiki. Malisho hayo, yaitwayo sileji, hukatwakatwa, hushindiliwa kuwa robota hadi hewa itoke, kisha huviringishiwa plastiki tabaka nne hadi sita, na humo ndani bakteria wasiohitaji hewa hugeuza sukari ya majani kuwa asidi ya laktiki, hata kipimo cha pH kikashuka hadi karibu 4, kiwango ambacho vijidudu vingi vya kuozesha haviwezi kustahimili.

Mnyama akitoboa plastiki, hewa huingia, kuvu huamka, na uozo huenea mbali na tundu lenyewe. Panya hutafuna kutoka chini, kunguru hudonoa kutoka juu, nao nyani wa upande wa bara huweza kulirarua robota zima wakitafuta punje za mahindi. Linalotisha zaidi ni panya kufia ndani, kwa kuwa mzoga wake huweza kuzalisha sumu ya bakteria aitwaye Clostridium botulinum, sumu inayopoozesha misuli, na farasi na punda hudhurika kwa kiasi kidogo mno. Kisiwani Lamu, ambako punda ndiye mchukuzi na huokota chakula vichochoroni, na ambako shirika la Donkey Sanctuary la Uingereza lilianza kuwahudumia wanyama hao mwaka 1987, sileji iliyooza haifai kabisa kutupwa jaani, bali ifukiwe.

Kinga huanzia mahali pa kuwekea: uwanja ufyekwe, usiwe na mabaki ya nafaka wala matawi yanayoinamia marobota, na robota la mviringo lisimamishwe kwa upande wake bapa, ambapo tabaka za plastiki ni nyingi zaidi. Nyavu chakavu za wavuvi, zenye macho madogo, zikitandazwa juu ya boriti za mikoko bila kugusa plastiki, humzuia kunguru kuifikia kwa mdomo. Ua wa miiba huwatosha mbuzi na punda, ingawa nyani huhitaji mlinzi. Dhidi ya panya, mitego ni bora kuliko sumu, ambayo huua pia paka na bundi wanaowawinda. Tundu likionekana, plastiki ipanguswe na kukaushwa, kisha lizibwe siku hiyo hiyo kwa utepe maalumu wa sileji unaostahimili jua, maana utepe wa kawaida hubanduka upesi.