Kantalamba: Kila kijana na UMISSETA yake moja

MWALIMU wa michezo wa kidato cha tano na sita ana kazi ambayo kocha wa Ligi Kuu angeikimbia. Kila mwaka timu yote inavunjika mikononi mwake, na kila mwaka anatakiwa kuingiza uwanjani nyingine inayocheza kana kwamba vijana wamekua pamoja.

Hesabu yenyewe iko hivi. Kidato cha tano wanaripoti Julai. Mchujo wa UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, unaanza mwaka unaofuata na fainali za taifa huwa katikati ya mwaka. Msimu mwingine ukifika, kijana yuleyule yuko kidato cha sita, mtihani wa taifa ni Mei, na hakuna mzazi atakayekubali aache vitabu akafukuzie mpira. Kwa hiyo kila mmoja ana UMISSETA moja tu. Ukiikosa, imekwenda.

Kantalamba, shule kongwe ya serikali ya wavulana mjini Sumbawanga, inaishi ndani ya hesabu hiyo. Wanafunzi wa kidato cha tano hupangwa na serikali kutoka mikoa mbalimbali. Kijana wa Tanga au Dar es Salaam anapita Mbeya, anapita Tunduma, anashuka kwenye basi na kupokewa na baridi ya Julai ya Ufipa. Hamjui mtu. Mji uko juu sana kutoka usawa wa bahari, na siku za mwanzo anahema hata akikimbilia kengele ya paredi.

Hapo ndipo michezo inafanya kazi ambayo darasa haliwezi. Darasani mgeni anaweza kujificha kiti cha nyuma muhula mzima. Uwanjani hafichiki. Nani ana hasira, nani mchoyo wa pasi, nani ananuna akifungwa na nani anaokota mpira wavuni na kuukimbiza katikati mchezo uendelee, yote yanaonekana ndani ya dakika 20. Mwalimu wa malezi mwenye macho anajifunza mengi akisimama pembeni ya uwanja kuliko akifungua faili. Kijana asiyekosa mazoezi akianza kubaki bwenini saa kumi jioni, kuna jambo. Pengine anaumwa, pengine kuna msiba nyumbani, au hela ya matumizi imekata na anaona aibu kusema.

Na mechi tamu kuliko zote hata kombe hazina. Katika shule za bweni za namna hii ni bweni kwa bweni, au tahasusi kwa tahasusi. PCM wakikutana na HGL utani hauishi: hawa wanaambiwa wanapima engo mpaka mpira unapaa, wale wanaambiwa wanaishi kwa mabao ya historia. Nahodha wa mechi kama hiyo anaweza kulazimika kumweka benchi rafiki yake wa kitanda cha juu, halafu usiku warudi kulala chumba kimoja na waongee. Hakuna kitabu cha kiada chenye sura hiyo.

Tatizo ni kwamba shule hupimwa kwa divisheni. Matokeo yakitikisika kidogo, saa ya kwanza kunyang'anywa ni ya michezo. Taifa lenyewe liliwahi kuipita njia hiyo: mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilisimamisha mashindano ya shule za msingi na sekondari, ikayarudisha miaka kadhaa baadaye. Ajabu ni kwamba mfano wa Makongo, Dar es Salaam, ulikuwa tayari machoni pa wote. Chini ya Kanali Iddi Kipingu shule ile ilisomesha na kuchezesha kwa wakati mmoja, na kipa Juma Kaseja ni zao lake.

Lakini Makongo ilizungukwa na klabu. Sumbawanga ilionja Ligi Kuu msimu wa 2020/21, Tanzania Prisons walipochezea mechi za nyumbani Uwanja wa Nelson Mandela. Oktoba 22, 2020 Wajelajela walimchapa Mnyama Simba 1-0 pale pale. Kisha wakarudi zao Mbeya. Kwa kijana wa Kantalamba, mlango wa kuonekana ukabaki ni uleule wa UMISSETA.

Mlango huo una nafuu moja. Rukwa ina halmashauri nne tu, yaani Manispaa ya Sumbawanga, Sumbawanga vijijini, Nkasi na Kalambo, hivyo mwenye kipaji hapotei kwenye umati. Ubaya ni safari. Mwaka 2019 na 2021 fainali zilikuwa Mtwara, upande wa pili wa nchi kabisa.

Halafu kuna njumu. Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa mwaka 2022, ila viatu vya mpira bado ni vya mzazi. Mkulima wa mahindi wa Laela hushika hela baada ya mavuno, na mavuno ya Ufipa huja wakati mchujo umeshapita. Mtoto akivaa za kuazima, zikambana, kasi yake nani ataiona?

Mvua nayo haisubiri. Kuanzia Novemba hadi Aprili viwanja vya Ufipa ni tope, kwa hiyo kati ya miezi kama kumi ya kidato cha tano kabla ya mchujo, mingi mpira haukimbii vizuri. Miezi mikavu ni ile ambayo vijana ndio kwanza wamefika, hata majina hawajajuana. Shule inayongoja Machi kutafuta kikosi imechelewa. Ligi ya mabweni inatakiwa ipigwe Agosti, wageni wakiwa bado wanahema.