Tumwambie Daktari Kweli



Daktari huuliza, “Dawa unameza?” Nasi hujibu, “Alhamdulillahi,” jibu lisilokuwa ndiyo wala siyo. Wako miongoni mwetu hapa Ghubra waachao dawa za maradhi ya akili Ramadhani ikiingia, wakazirejea kimyakimya baada ya Idi. Hapo pana hatari. Aliyekosa klozapini zaidi ya saa 48 hairudii kwa kipimo chake cha zamani. Daktari humwanzisha upya kwa miligramu 12.5, kwani mwili umekwisha kuisahau, na kipimo kikubwa chaweza kushusha presha ghafla hata mtu akaanguka. Atajuaje, asipoambiwa?

Tena kuna jambo la mkalimani. Mama asiyejua Kiarabu hufuatana na bintiye. Ataungamaje mbele ya mwanawe kwamba vidonge alivificha chini ya godoro? Na aombe muuguzi ajuaye Kiswahili, Maskati hawakosekani. Aseme siku aliyoacha, siku aliyorejea na sababu, hata ikiwa ni kunenepa tu. Mgonjwa ana ruhusa ya kula (Al-Baqara, aya ya 184), na hilo nalo alizungumze na daktari kabla mwezi haujaandama.