Mlango wa Jiko la Mkaa

Tazameni jiko la mkaa la nyumbani kwenu. Upande wa chini, mahali panapoangukia majivu, pana mlango mdogo wa bati. Watu wengi hawaujali mlango huo. Ukilegea huachwa uning'inie, na ukianguka hutupwa. Lakini mlango huo mdogo ndio unaotawala moto. Katika somo hili tutajifunza kazi yake, sababu za kulegea kwake, na namna ya kuutengeneza.

Kazi ya mlango

Mmekwisha kujifunza kwamba moto huhitaji vitu vitatu: kitu cha kuungua, joto na oksijeni. Katika jiko hili kitu cha kuungua ni mkaa. Joto la kwanza hutoka katika vijiti vya kuwashia. Baadaye mkaa wenyewe hutoa joto. Oksijeni hutoka katika hewa. Karibu sehemu moja ya tano ya hewa ni oksijeni.

Je, hewa huingiaje ndani ya jiko? Hewa iliyo kati ya makaa hupata joto, hutanuka, huwa nyepesi, na kupanda juu. Hewa baridi huingia mlangoni, hupita katika matundu yaliyo chini ya makaa, na kushika nafasi yake. Mlango ukiwa wazi, hewa nyingi huingia na makaa huwaka kwa nguvu. Mlango ukifungwa, hewa hupungua na moto hutulia.

Mpishi wa maharage huijua vizuri kazi hii. Huacha mlango wazi mpaka maji yachemke, kisha huufunga. Maji yakiisha kuchemka, moto mkali hauyaongezei joto, bali huyageuza kuwa mvuke upesi zaidi. Kwa hiyo moto mdogo unaotosha kuyaweka katika hali ya kuchemka huivisha maharage sawa na moto mkubwa.

Mlango uliolegea huacha nafasi, na hewa huingia hata mlango unapofungwa. Moto hauwezi kupunguzwa. Maji hukauka, na mkaa huisha kabla maharage hayajaiva. Mpishi hana budi kuongeza maji na mkaa mwingine. Mkaa hununuliwa kwa fedha, na kila gunia la mkaa hutokana na miti iliyokatwa. Tena kaa la moto laweza kudondoka kupitia nafasi hiyo na kuunguza mkeka au mguu wa mtoto.

Kwa nini mlango hulegea?

Mlango wa jiko hushikwa na bawaba. Katika majiko mengi bawaba hiyo ni kipande cha bati kilichokunjwa kuzunguka waya wa chuma. Sababu za kulegea ni hizi:

Kwanza, chuma hutanuka kinapopata joto na hunywea kinapopoa. Kipande cha chuma chenye urefu wa sentimita 10, kikiongezewa joto la nyuzi 100 za Sentigredi, hurefuka kwa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Badiliko hilo ni dogo, lakini hutokea kila siku jiko linapowashwa na kuzimwa. Polepole mkunjo wa bawaba hufunguka.

Pili, chuma hupata kutu. Kutu hula waya ukawa mwembamba, na matundu ya bati yakawa mapana.

Tatu, mlango una uzito. Uzito huo huuvuta chini siku zote, na bawaba iliyolegea haiwezi kuuzuia. Ndiyo maana mlango huinama upande usio na bawaba.

Jaribio: Kutafuta nafasi

Vifaa: jiko lililopoa kabisa na kipande kirefu cha karatasi.

Wekeni karatasi kati ya mlango na jiko, kisha fungeni mlango. Vuteni karatasi taratibu. Ikikwama kidogo, mlango umekaa vizuri mahali hapo. Ikitoka bila kukwama, pana nafasi. Rudieni jaribio hili juu, chini na pembeni. Andikeni mliyoyaona.

Namna ya kuutengeneza mlango

Fanyeni kazi hii pamoja na mtu mzima. Jiko liwe limepoa, na majivu yawe yamekwisha kutolewa.

1. Kwa koleo, nyoosheni ncha za waya wa bawaba, mchomoe waya na kuutoa mlango.

2. Tazameni waya. Kama umeliwa na kutu, kateni waya mwingine wa chuma unaoenea vizuri katika bawaba. Msitumie waya uliofunikwa kwa plastiki, kwa kuwa plastiki huyeyuka na kutoa moshi wenye madhara.

3. Kama mlango umepinda, ulazeni juu ya jiwe lililo bapa na kuugonga polepole kwa nyundo. Msiugonge ukiwa bado katika jiko. Majiko mengi yana udongo uliochomwa kwa ndani, na udongo huo hupasuka upesi.

4. Kazeni mkunjo wa bawaba kwa koleo mpaka uushike waya. Lakini msiukaze mno. Acheni nafasi ndogo ili chuma kipate kutanuka na mlango upate kuzunguka.

5. Rudisheni mlango, pitisheni waya, kunjeni ncha zake, kisha rudieni jaribio la karatasi.

Kama matundu ya bawaba yamechanika, pelekeni jiko kwa fundi wa bati. Yeye ataweka bawaba mpya.

Hatari ya kukumbuka

Mlango mzuri huokoa mkaa, lakini hauondoi sumu ya jiko. Mkaa unapoungua kwa hewa chache, hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kuizuia kubeba oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, huzimia, na aweza kufa akiwa usingizini.

Kwa hiyo, mtu asidhani kwamba akifunga mlango wa jiko anaweza kulala nalo chumbani. Kufanya hivyo ni hatari kubwa, hata kama makaa yanaonekana yamefifia. Jiko liwake nje, au mahali penye madirisha na milango iliyo wazi. Mtu akipatwa na dalili hizo, atolewe nje mara moja apate hewa safi, na apelekwe hospitali.

Maswali

1. Taja vitu vitatu vinavyohitajiwa na moto.
2. Kwa nini hewa baridi huingia kupitia mlango wa jiko?
3. Kwa nini si vizuri kukaza mno bawaba ya mlango?
4. Maji yanachemka. Je, moto ukiongezwa maharage yataiva mapema zaidi? Eleza.
5. Jirani anataka kufunga mlango wa jiko na kulala nalo chumbani kwa sababu ya baridi. Utamwambia nini?