Kumtambua Dume Aliyekomaa: Maarifa ya Mwindaji na Faida Yake kwa Watu wa Karagita

Mtu akisimama Karagita alfajiri, kabla ya magari ya mashamba ya maua kuanza kuchukua wafanyakazi, huona mambo mawili kwa pamoja. Upande mmoja ni Ziwa Naivasha, na kuro wakila majani ufuoni kana kwamba ni ng'ombe wa mtu. Upande wa pili ni vilima vya Hell's Gate na mlima wa Longonot, ambako kongoni, pofu na swala hutembea. Wanyama wako karibu sana na nyumba za watu. Kwa hiyo si ajabu kwamba vijana huwauliza wazee, "Je, zamani watu waliwindaje? Na kwa nini sisi haturuhusiwi?"

Maswali haya mawili ni mazuri, nayo yastahili kujibiwa kwa ukweli. Twaanza na la pili, maana mtu asiyejua sheria hafai kufundishwa shabaha.

SHERIA INASEMAJE

Nchi hii ilipata kuwa mashuhuri ulimwenguni kwa uwindaji. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka karibuni katika urais wa Marekani, alifika hata Naivasha akawinda viboko ziwani. Katika safari yake yote ya Afrika, yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama zaidi ya 500. Siku hizo mgeni mwenye fedha alipata leseni, lakini Mwafrika aliyetega mnyama katika nchi ya babu zake aliitwa mwizi. Jambo hilo liliacha uchungu, na uchungu huo haujaisha wote hata leo.

Mwezi wa Mei 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama, na mwaka 1978 biashara ya pembe, ngozi na vitu vingine vya wanyama wa porini ikakomeshwa. Marufuku hiyo haibagui mgeni wala mwenyeji. Baadaye, katika miaka ya 1990, baadhi ya wenye mashamba makubwa, hata wa upande huu wa Nakuru, waliruhusiwa kwa majaribio kupunguza idadi ya wanyama na kuuza nyama yao. Ruhusa hiyo nayo iliondolewa mwaka 2003. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imeweka adhabu ya faini na kifungo kwa mwenye kuwinda, na vilevile kwa mwenye kuuza nyama hiyo au kupatikana nayo. Basi mkazi wa Karagita asidanganywe na mtu awaye yote: hapana leseni ya kuwinda swala Kenya.

Jirani zetu wana utaratibu mwingine. Tanzania huruhusu uwindaji kwa kibali, mahali palipotajwa, kwa msimu uliotajwa, na kwa idadi iliyoandikwa. Uganda nayo ilianza kuujaribu tena mwaka 2001, karibu na Ziwa Mburo. Maarifa tutakayoeleza hapa yatamfaa mwindaji wa huko mwenye kibali chake. Lakini yatamfaa pia kijana wa Karagita anayeongoza wageni, au mwenye shamba anayetaka kujua ni mnyama gani anayekula mahindi yake.

HATUNA AYALA, TUNA SWALA

Wasomaji wa Biblia wamekutana na jina la ayala. Huyo ni mnyama wa Ulaya, Asia na Marekani. Katika Afrika nzima hupatikana kwa asili kaskazini tu, huko Algeria na Tunisia. Pembe za ayala dume zina matawi, nazo huanguka kila mwaka zikaota nyingine. Wanyama wetu si hivyo. Pembe ya kuro, ya pofu au ya swala haina matawi wala haianguki. Hukua pamoja na mwenyewe mpaka kufa kwake. Kwa hiyo pembe za mnyama wetu ni kama kitabu: ajuaye kusoma ataona umri wa mwenyewe kwa kukadiria.

KUSOMA UMRI

Jambo la kwanza ni kujua dume na jike. Kwa kuro, swala pala na kulungu, dume pekee ndiye mwenye pembe. Lakini kwa pofu na kongoni wote wawili wana pembe, na pembe za pofu jike aghalabu ni ndefu na nyembamba kuliko za dume. Mtu apigaye mbio kusema "Pembe ndefu, dume kubwa!" atakosea vibaya.

Jambo la pili ni kulinganisha pembe na masikio. Pembe ambazo hazijayapita masikio ni za kijana. Swala pala mchanga ana pembe zilizosimama kama vijiti viwili. Aliyekomaa zake zimepinda kwenda nje na nyuma, kisha zikainuka tena juu. Kuro dume hukamilika akiwa na umri wa miaka 6 hivi, na wakati huo pembe zake huwa nene shinani, zimerudi nyuma kisha ncha zake zikaelekea mbele.

Jambo la tatu ni mwili. Dume aliyekomaa ana shingo nene na kifua kizito, tena hutembea bila haraka. Pofu dume akizeeka huwa na rangi ya kijivu, nywele nyeusi humea kichanani katika paji la uso, na ngozi iliyo chini ya shingo huning'inia sana. Magoti yake hualika anapotembea, hata mtu aliye mbali kidogo huyasikia. Kulungu dume huwa mweusi zaidi kadiri anavyoendelea na umri. Ukiona mgongo umebonyea, mifupa ya nyonga imejitokeza na ncha za pembe zimesagika, ujue huyo ni mzee.

KWA NINI MZEE?

Si kwa ajili ya sifa ya pembe tu. Dume mwenye nguvu anayelinda mahali pake na majike wake ndiye baba wa kundi; akiondolewa, kundi hufadhaika. Dume mzee aliyekwisha shindwa na kufukuzwa hukaa peke yake au na wazee wenzake, na kuondoka kwake hakupunguzi uzazi. Ndiyo maana mwindaji wa kweli humtafuta yule aliye pembeni, wala si yule aliye katikati ya majike.

Sheria ya Tanzania ya mwaka 2009 inakataza kuua mtoto wa mnyama, au jike mwenye mimba au anayefuatana na mtoto wake. Kwa simba wamekwenda mbele zaidi: kanuni za mwaka 2010 zilitaka simba dume awe na umri wa miaka 6 au kupita. Sababu yake ni kwamba simba kijana akiuawa, madume wageni huingia na kuwaua watoto aliowaacha. Risasi moja yaweza kumaliza kizazi kizima.

KUMFIKIA

Upepo. Swala husamehe jicho, pengine na sikio, lakini pua yake haisamehe. Wawindaji wa zamani walichukua jivu laini katika kifuko cha kitambaa, wakalitikisa kidogo kila hatua chache ili kuona linakwenda wapi. Upepo ukikupiga usoni, endelea. Ukikupiga kisogoni, zunguka mbali au urudi nyumbani. Hapa Naivasha asubuhi aghalabu huwa shwari, na upepo huvuma kwa nguvu alasiri. Wavuvi wanalijua jambo hili vizuri.

Saa. Swala hula alfajiri na jioni, na wakati wa jua kali hujilaza kivulini akicheua. Anayetoka kitandani saa mbili amekwisha chelewa.

Mwendo. Tembea hatua tatu, kisha simama na kutazama. Usitafute mnyama mzima. Tafuta sikio linalotikisika, au mgongo uliolala katikati ya miti iliyosimama. Usijitokeze juu ya kilima na mbingu nyuma yako. Mnyama akiinua kichwa, ganda kama gogo mpaka akiinamishe tena. Jua likiwa nyuma yako wewe humwona, naye humulikwa machoni.

Nyayo. Wayo mpya una kingo kali na umande haujauangukia. Wayo wa jana kingo zake zimebomoka, na vijidudu vimekwisha pita juu yake. Dume mzito huzamisha kwato zake zaidi, nazo hutanuka kidogo.

RISASI MOJA

Haya ni kwa mwenye kibali huko kunakoruhusiwa. Ngoja mnyama asimame ubavu, kisha lenga nyuma ya bega, theluthi moja ya urefu wa kifua kutoka chini. Hapo ndipo moyo na mapafu yalipo. Egemeza bunduki juu ya tawi au fimbo. Tazama nyuma ya mnyama, maana risasi ikipita yaweza kumpata mwingine. Kama mkono unatetemeka, au kama huna hakika ya umri wake, shusha bunduki. Hakuna aliyekufa kwa aibu ya kutopiga.

Baada ya kupiga, usimkimbilie. Kaa nusu saa. Damu nyekundu yenye povu ni ya mapafu, naye hayuko mbali. Damu nyeusi ni ya ini. Damu iliyochanganyika na majani yaliyocheuliwa ni ya tumbo, na hapo ngoja zaidi, kwani ukimharakisha atakwenda mbali afe kwa mateso. Kumwacha mnyama aliyejeruhiwa ni dhambi kubwa ya mwindaji. Hapana budi afuatwe mpaka apatikane.

WAYA HAUCHAGUI

Ukiyatafakari hayo yote, utaona kwamba kiini cha uwindaji ni kuchagua. Sasa mlinganishe mtu huyo na yule anayefunga kitanzi cha waya usiku kandokando ya ziwa. Waya hautazami pembe wala hauulizi umri. Hukamata jike mwenye mimba, hukamata ndama, hukamata hata mbwa wa jirani. Mwenye kuutega halali njaa, bali hulala akingoja bahati, na asubuhi huenda mnyama amekwisha oza.

Nyama hiyo huletwa mitaani usiku kwa bei nafuu, na mfanyakazi mwenye mshahara mdogo hushawishika. Na ajiulize: ni nani aliyeikagua? Mwaka 2015, katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru, nyati zaidi ya 100 walikufa kwa ugonjwa wa kimeta. Kimeta humwambukiza mwanadamu anayechuna, anayekata na anayekula, na kwa macho huwezi kutofautisha nyama yenye ugonjwa na isiyo nao. Nyama ya rahisi yaweza kukugharimu mtoto.

NJIA ZILIZO HALALI

Twajua kwamba mwenye shamba ana haki ya kulalamika. Kuro na viboko hawalipi mahindi wanayokula. Lakini sheria ya mwaka 2013 imeweka fidia: shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, na hata milioni 3 kwa aliyepata kilema cha kudumu, uharibifu wa mazao nao una utaratibu wake mbele ya kamati ya kaunti. Malipo hukawia, hilo halifichiki. Hata hivyo asiyepeleka taarifa hana hata pa kuanzia. Piga picha ya hasara na ya nyayo, andika siku na saa, na upeleke habari mapema kwa maofisa wa wanyamapori. Hapo ndipo ujuzi wa kusoma nyayo unapofaa: useme ni kiboko au ni kuro, usiseme tu "mnyama".

Kwa vijana, Hell's Gate imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1984, nayo ni moja ya hifadhi chache ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli. Mgeni huyo hutafuta mtu atakayemwonyesha pofu mzee kabla hajakimbia, na kumweleza kwa nini amebaki peke yake. Anayejua upepo, saa na nyayo atampeleka karibu. Asiyejua atamwonyesha vumbi. Ila akumbuke hatari: nyati dume aliye peke yake asikaribiwe kabisa, na kiboko asizuiwe njia yake ya kurudi majini, hasa jioni na usiku.

Basi jibu la vijana ndilo hili. Wazee waliwinda kwa macho, kwa pua ya upepo, na kwa subira, na bunduki au mshale ulikuwa wa mwisho. Mambo matatu ya kwanza hakuna sheria inayoyakataza. Mwenye kuyajua na ayafundishe wanawe, ili kesho alfajiri mtu akisimama Karagita awaone kuro bado wakila ufuoni.