Asili ya Kisu cha Kukunja cha Zamani Hutambuliwaje?

Visu vya kukunja vilivyoletwa kutoka Ulaya zamani ni vitu ambavyo watu hurithi bila ya kujua habari zake. Mzee akifariki, kisu chake hukutwa sandukuni pamoja na hati za shamba na stakabadhi za kodi, na watoto huanza kubishana. Mmoja husema kilipatikana Tanganyika wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, kwa hiyo ni kitu cha heshima kisichofaa kuuzwa. Mwingine husema kilinunuliwa dukani miaka mingi baadaye, tena kwa bei rahisi. Mara nyingi kisu chenyewe kingeweza kukata shauri hilo, kwa kuwa habari zake zimepigwa chapa juu ya chuma. Lakini katika kila nyumba yuko kijana mwenye bidii ambaye amekwisha kukisugua kwa msasa mpaka kikang'aa kama sahani mpya, na ushahidi wote umekwenda pamoja na kutu.

Jambo la kwanza la kuangalia ni namna kisu kinavyojifunga. Kisu cha kawaida cha mfukoni hushikwa na kamani inayobana tu, na mtu akiusukuma ubapa kwa nguvu hujikunja. Kisu chenye kufuli ya mgongoni ni kingine. Katika mgongo wa mpini wake umo ulimi wa chuma wenye jino. Ubapa ukifunguliwa wote, jino hilo hutumbukia katika pengo lililokatwa kwenye shina la ubapa, pale unapoingia katika mpini, na ubapa hauwezi kurudi mpaka jino litolewe. Katika visu vingine ulimi hubonyezwa kwa kidole gumba. Katika vingine iko pete ndogo ya kuvutia, na shina lina meno kadhaa, hata kisu kikifunguliwa hulia kakaka kama saa inayotiwa ufunguo.

Kisu cha pete na cha mlio wa namna hiyo, chenye mpini wa mti uliopinda kidogo na mapambo ya mwezi mwandamo na nyota, yamkini ni Okapi. Visu hivyo vilianza kutengenezwa mwaka 1902 katika Ujerumani, navyo vilikusudiwa kuuzwa katika makoloni ya nchi hiyo hapa Afrika. Havikuwa visu vya mabwana. Vilikuwa visu vya bei nafuu vya mtu wa kazi: vya kumenya muhogo, kukata kamba, kuchuna mbuzi.

Jina lenyewe ni ushahidi. Okapi ni mnyama wa misitu ya Kongo, mwenye miguu ya milia kama punda milia, lakini ni wa ukoo wa twiga. Wenyeji wa misitu hiyo walimjua tangu kale, bali wataalamu wa Ulaya hawakumtambua mpaka mwaka 1901, baada ya Sir Harry Johnston, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza katika Uganda, kupata vipande vya ngozi yake na kuvipeleka London. Basi mtu akidai kwamba Okapi ya babu yake ilikuwapo katika vita vya Abushiri, vya 1888 na 1889, anadai jambo lisilowezekana. Akisema vita vya Maji Maji, vya 1905 hadi 1907, jina peke yake haliwezi kumkanusha. Itabidi atazame mahali pengine.

Mahali penyewe ni ubapa, karibu kabisa na mpini, pale pasiponolewa. Huko hupigwa maneno madogo ambayo wengi hawayaangalii, kwa kuwa macho huvutwa na picha na nyota za mpini. Hilo ni kosa, maana picha huweza kudumu miaka mia huku kiwanda kikihama. Alama ya Okapi ilinunuliwa na kampuni ya Afrika Kusini pamoja na vyombo na mitambo ya kuvitengenezea visu hivyo, na tangu mwaka 1988 hutengenezwa huko. Kwa hiyo kisu chenye nyota zile zile na pete ile ile huweza kuwa cha zamani sana, au kikawa kimetoka kiwandani baada ya mwenye nacho kuzaliwa.

Maneno ya kutafutwa ni jina la mji na la nchi. Solingen ni mji wa Ujerumani uliojulikana kwa panga na visu kwa karne nyingi, na tangu mwaka 1938 jina lake hulindwa kwa sheria, lisipigwe juu ya visu vya mahali pengine. Neno GERMANY peke yake halitoshi kutaja mwaka, kwa maana lilitumika kabla ya vita na baadaye pia. Lakini panapoandikwa WESTERN GERMANY au W. GERMANY, shauri limekwisha: maneno hayo yalitumika baada ya Vita Kuu ya Pili, Ujerumani ilipogawanyika, mpaka ilipoungana tena mwaka 1990. Kisu cha namna hiyo hakikuchukuliwa na askari ye yote wa mwaka 1916, hata kama hadithi yake inapendeza namna gani.

Kuandika jina la nchi juu ya bidhaa kulianza kwa ugomvi wa biashara. Mafundi wa Sheffield, mji wa visu wa Uingereza, walilalamika kwamba visu vya Wajerumani viliuzwa kwa jina la mji wao. Mwaka 1887 Uingereza ikatunga sheria ya kuzuia bidhaa za kigeni zisipitishwe kama za Kiingereza.

Visu vya Sheffield navyo vina alama zao. Kampuni ya Joseph Rodgers ilipiga chapa ya nyota na msalaba, na baadhi ya visu vina taji na herufi za mfalme. Herufi V na R ni za Malkia Victoria, aliyefariki mwaka 1901. Herufi G na R hazipaswi kuaminiwa haraka, kwa kuwa wafalme wenye jina la George walikuwa zaidi ya mmoja.

Kisu kingine kinachofanana kwa kazi, wala si kwa sura, ni Mercator cha Solingen. Mpini wake ni bati jeusi lililokunjwa, lenye picha ya paka anayeruka na maandishi K55K. K ya kwanza ni ya Kaufmann, waliokuwa wenye kiwanda. Nacho kimepata mtengenezaji mwingine katika mji huo huo, kwa hiyo paka naye hatoi umri.

Chuma husaidia pia. Chuma kisichoshika kutu kiligunduliwa na Harry Brearley huko Sheffield mwaka 1913, na ubapa wa namna hiyo hauwezi kuwa wa kabla ya hapo. Ubapa wenye weusi na madoa si lazima uwe wa kale, kwani Okapi za Afrika Kusini nazo hushika kutu zikiachwa katika unyevu.

Mwenye kisu cha namna hii asikiguse kwa msasa wala jiwe la kunolea kabla ya kusoma chapa. Atie mafuta ya cherehani, akiache usiku kucha, kisha afute kwa kitambaa laini. Akitazame kwenye jua la asubuhi au jioni, linapopiga kwa upande, kwa sababu herufi zilizofifia huonekana kwa kivuli chake. Zikikataa, aweke karatasi nyembamba juu ya chapa na kupitisha penseli laini polepole. Aandike anachokiona, herufi kwa herufi, hata asichokielewa, na karatasi hiyo aiweke pamoja na kisu.

Kufuli nayo ijaribiwe kabla kisu hakijarudi kazini. Ubapa ukiwa wazi, mgongo wake ukandamizwe juu ya ubao, vidole vikiwa mbali na njia yake. Jino likiteleza, limelika, na kisu hicho kikae sandukuni.